Herufi za Kawangware Zabadili Sura

Mtu wa pwani, aliyezoea kusoma jina la leso kabla hajatazama maua yake, akifika Kawangware, magharibi ya jiji la Nairobi, hakosi la kusoma. Kinyozi ana bango, mchinjaji ana bango, hata fundi viatu. Bango la burashi hujulikana mara moja: herufi nene, zimetiwa kivuli upande mmoja zionekane kama zimeinuka ukutani, na kando yake kichwa kilichonyolewa vizuri au ng'ombe aliyenona kuliko yule anayening'inia ndani.

Lakini burashi inarudi nyuma. Tazama matatu. Februari 2004 kanuni zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi, John Michuki, ziliamuru mstari wa manjano ubavuni, na michoro mingi ikatoweka. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliitetea sanaa hiyo, nayo ikarudi kwa kishindo. Ila siku hizi herufi nyingi hukatwa kwa mashine katika plastiki, zikabandikwa. Maduka nayo yamefuata. Kijana hukaa mbele ya kompyuta, akachagua herufi, na bango likachapwa siku hiyo hiyo. Ni kazi safi, na sioni kwa nini mwenye duka alaumiwe.

Herufi hizo zatoka wapi? Intaneti ilipoanza, ukurasa uliweza kuonyesha herufi zile tu zilizokuwamo katika kompyuta ya msomaji. Matthew Carter, mchongaji herufi wa Kiingereza, aliitengenezea kampuni ya Microsoft Verdana na Georgia, zilizotolewa mwaka 1996, ili macho yasiteseke mbele ya kioo. Mwaka 2010 Google wakaanza kugawa herufi bure, na leo aina zake zapita elfu moja. Ajabu ni kwamba wingi huo haukuleta sura nyingi. Kioo cha simu ni kidogo, basi kila mtu ataka herufi tupu, zisizo na pambo. Google wenyewe, mwaka 2015, waliziondolea herufi za jina lao vile vijiguu vya nchani. Na mkondo huo umefika hadi kwa kinyozi wa Kawangware.

Kwetu sisi, ambao wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, hazina hiyo ya bure ina neema yake. Imo Amiri, kazi ya Mmisri Khaled Hosny, aliyefuata naskhi ya kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Kairo. Inazo hata pe na che, sauti ambazo Kiarabu hakina na Kiswahili hakiwezi kuziacha. Anayetaka kuchapa utenzi kwa khati ya babu zake hana udhuru tena.

Herufi za Bulaq, basi, zimepata wa kuzihifadhi. Zile za Kawangware, ukuta ukipakwa rangi mpya, ndiyo kwaheri yake.