Maumivu yaleyale, kero tofauti

Mwaka 1997, watafiti wa Montreal, Kanada, waliwatia watu wenye afya njema katika hipnosisi, hali ya utulivu inayomfanya mtu apokee maelekezo kwa urahisi. Kisha wakawaambia watumbukize mkono katika maji ya nyuzijoto 47 hivi, yanayouma kwelikweli. Mara waambiwe kero itazidi, mara waambiwe itapungua. Maji yalikuwa yaleyale. Hata ukali wa maumivu, kwa maelezo yao wenyewe, haukubadilika sana. Kilichopanda na kushuka ni namna yalivyowakera.

Picha za ubongo zilionyesha jambo hilohilo. Eneo linalopokea hisia za mguso, ambalo hutujulisha ni wapi panapouma, lilibaki karibu vilevile. Lakini singuleti ya mbele, iliyojificha pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana, ilipanda na kushuka pamoja na kero.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi ulitoka Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1999. Mwanamume mmoja alikuwa amepata kiharusi kilichoharibu eneo lile la mguso. Madaktari walipomulika mkono wake wa kushoto kwa leza, alishindwa kusema kama ni moto, baridi au sindano, hata walipompa maneno achague. Alichojua ni kwamba kuna kitu kibaya mahali fulani kati ya vidole na bega, na hakitaki. Kero tupu, isiyo na anwani! Kinyume chake pia kipo: tangu 1928, Schilder na Stengel wa Vienna walieleza hali ya mtu kutambua kwamba anachomwa, lakini asishtuke wala asijali.

Hayo hayana maana kwamba maumivu ni ya kujitungia. Kero ina njia zake za neva, nazo hupokea pia hofu na kumbukumbu. Mgongo unaouma baada ya kulima shamba hauchukuliwi sawa na mgongo huohuo mtu akishaanza kuwaza saratani. Mofini, dawa ya kutuliza maumivu, nayo hufanya kazi katika njia hizo za kero, kwani singuleti ina vipokezi vingi vya dawa za aina hiyo. Ndiyo maana wagonjwa wengine wakishaipata husema maumivu bado yapo, ila hayawasumbui tena.

Hospitalini tumezoea kuulizwa, “Kuanzia sifuri hadi kumi, yanauma kiasi gani?” Yanakusumbua kiasi gani ni swali jingine kabisa, na majibu ya maswali hayo mawili si lazima yalingane.