Bi Hawa Hakupata Nyumba

Jirani yangu hapa Matai ana madaftari mawili ya Sheria ya Ndoa. La kwanza limevimba kwa madesa aliyonakili na kubandika. La pili lina kurasa tisa tu. Ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria. Mchana yuko dukani, na kituo cha mkoa kiko Sumbawanga, safari ya nauli na nusu siku. Hilo la kurasa tisa ndilo mhadhiri wake.

Nilimwomba anioneshe. “Kaka, usicheke mwandiko,” akasema.

Nilitarajia fasili, historia, kisha orodha ya kesi. Nikakuta maswali. Ukurasa wa mgawanyo wa mali unaanza hivi: ndoa ipo? Kama hawakufunga, je, wameishi pamoja miaka 2 na watu wakawajua kama mke na mume? Kifungu cha 160. Mahakama inatoa talaka au amri ya kutengana? Kama haitoi, zamu ya mali haijafika. Mali ilichumwa kwa juhudi za pamoja? Nani alichangia nini, iwe fedha, mali au kazi? Hapo ndipo kifungu cha 114 kinapoingia, na pembeni yake jina moja: Bi Hawa Mohamed.

Mpangilio huo una sababu. Mtihani wa sheria mara nyingi huleta kisa. Mwanamke wa Kalambo amelima mahindi na ulezi miaka 12, mume anaendesha fuso kwenda bandari ya Kasanga, na nyumba iliyoko Sumbawanga imeandikwa jina la mume. Mshauri mwanamke huyo. Aliyekariri madesa ataanza na maana ya ndoa, na kengele italia hajafika shambani. Mwenye maswali anakipitisha kisa swali kwa swali. Panapobishaniwa ndipo anapokaa, maana alama ziko hapo.

Kesi nayo haihitaji ukurasa mzima, ila huo mstari mmoja lazima uwe kamili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi huishia hapo, wakaamini Bi Hawa alishinda. Hakushinda. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi, zikapotea mikononi mwake, na mahakama ikaona fungu lake limekwisha kulika. Jirani yangu ameandika: “Kazi za nyumbani ni mchango, aliyefuja hukatwa.” Nusu ya pili ndiyo itakayomsaidia siku mtunga mtihani atakapomleta mke aliyekopa hela za kikundi akazitapanya.

Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka wanafunzi 26 tu kati ya 633 walipofaulu masomo yote katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hadi kamati ikaundwa chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Sisemi muhtasari kama huu wa kurasa tisa ungewaokoa. Ila nimeona watu wakirithishana madesa kama mashamba ya ukoo, na tangu Toleo la Urekebu la Sheria la 2023 lianze kutumika Julai 2025, kunukuu namba ya kifungu kutoka desa la kaka yako ni kucheza kamari.

Daftari lenyewe halitengenezwi wiki ya mitihani. Wafipa wa huku hufukia majani mabichi kwenye matuta ya intumba mvua zikielekea kuisha, wakapanda maharage juu yake, na udongo huo hutawanywa msimu unaofuata. Jirani alianza kurasa zake mapema vivyo hivyo, akipunguza kila alipoelewa.

Sasa anazijaribu. Anachukua mtihani wa zamani, anafunga madaftari yote, anaweka saa. Juzi kisa kilimkwamisha: mume alioa mke wa pili kabla ya kujenga. Alipofungua ukurasa wake hakukuta swali hilo. Ameandika kwa wino mwekundu, “Mke wa pili?”, akaacha nafasi ya mistari miwili, na nilipoaga alikuwa anasubiri mtandao urudi ili atafute hukumu kwenye TanzLII.