Kustahiki na Kuchaguliwa: Mlango wa Uhandisi

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, swali moja huzunguka barazani na sokoni, na hata nje ya misikiti na makanisa baada ya ibada: je, mwana wetu aliyesoma Fizikia, Kemia na Hisabati atapata nafasi ya uhandisi? Swali huulizwa kwa mapenzi, lakini aghalabu hujibiwa kwa dhana. Mmoja husema atapata bila shaka, kwa kuwa ana daraja la kwanza. Mwingine husema hatapata, kwa kuwa hana mtu wa kumshika mkono mjini. Majibu yote mawili humdhulumu kijana, maana la kwanza humpa yakini isiyokuwapo, na la pili humnyang'anya thamani ya juhudi yake. Ni haki ya mzazi na mwana kuujua mlango huu jinsi ulivyo, kabla ya kuubisha.

Zamani mlango wenyewe ulikuwa mbali. Katika zama za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu tangu 1963 hata 1970, elimu iligawanywa baina ya nchi tatu: sheria ilifundishwa Dar es Salaam, utabibu Makerere, na uhandisi Nairobi, hivyo Mtanzania aliyetamani kujenga madaraja na mitambo hakuwa na budi kuvuka mpaka. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na leo kinaitwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Milango imeongezeka tangu hapo: ipo Mbeya katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ipo Dodoma, ipo katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na ipo katika vyuo vya watu binafsi. Lakini wapigao hodi nao wameongezeka, na ndiyo maana hesabu za udahili hazina budi kueleweka.

Hesabu hizo ni mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowapoteza wengi. Baraza la Mitihani, likipanga madaraja, huhesabu A kuwa pointi 1, B kuwa 2, C kuwa 3 na kuendelea, hata aliye na pointi 3 hadi 9 katika masomo yake matatu huwa amepata daraja la kwanza. Hapo mwenye namba ndogo ndiye bora. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa kipimo cha sasa, huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na mwenye namba kubwa ndiye bora. Basi tuwatazame vijana wawili. Wa kwanza ana A ya Hisabati, B ya Fizikia na D ya Kemia. Wa pili ana D ya Hisabati, B ya Fizikia na A ya Kemia. Kwa Baraza wote wana pointi 7 na wote wana daraja la kwanza, na mtaani watapongezwa sawa. Lakini chuo kinachompima mhandisi wa kesho kwa Hisabati na Fizikia kitamwona wa kwanza ana 9 na wa pili ana 6, na tofauti hiyo yaweza kutosha kuwatenganisha.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo kila nyumba yapaswa kulishika: kustahiki si kuchaguliwa. Ili kustahiki chuo kikuu, kijana atokaye kidato cha sita hutakiwa awe na ufaulu kamili, yaani kuanzia E kwenda juu, katika masomo mawili yanayohusika na programu aitakayo, na jumla yake isipungue 4. Programu nyingi za uhandisi hutaka mawili hayo yawe Hisabati ya Juu na Fizikia, na Kemia huwekewa sharti lake. Mtaka uhandisi wa kemikali hawezi kuikwepa. Masharti haya yameandikwa katika mwongozo wa udahili utolewao na Tume kila mwaka, wala hayana siri. Bali kuchaguliwa ni jambo jingine. Nafasi zina idadi, na wanaostahiki wakizidi idadi hiyo hupangwa kwa ubora wa ufaulu wao, hata nafasi zikaisha. Kwa hiyo alama ya mtu wa mwisho kuingia haikuandikwa na yeyote kabla, bali huwekwa na waombaji wenyewe, na hubadilika mwaka hata mwaka kama kina cha maji bandarini.

Kwa kuwa mpaka huo haujulikani mapema, busara iko katika kuomba kwa taratibu. Tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, na aweza kuomba katika vyuo zaidi ya kimoja. Asiweke matumaini yake yote katika uhandisi wa ujenzi wa chuo kimoja, ati kwa sababu ndio uliozoeleka masikioni mwa jamaa. Auangalie pia uhandisi wa migodi, wa nguo, wa viwanda, ambao nchi inauhitaji kwa dhati. Akichaguliwa mahali pawili, athibitishe mahali pamoja tu, na kwa wakati, asije akaipoteza nafasi kwa uzembe wa siku chache. Wala asisahau kwamba Bodi ya Mikopo ina maombi yake mbali na ya chuo, na kwamba nafasi bila ada ni ufunguo bila nyumba.

Hata hivyo, ukweli mzito zaidi ni kwamba nafasi nyingi hupotea miaka minne kabla ya fomu kujazwa. Hupotea pale mwanafunzi wa kidato cha tatu anapoiacha Fizikia kwa kuambiwa ni ngumu, pale binti anapoambiwa hesabu si za wasichana, na pale shule nzima inapomaliza muhula bila mwalimu wa Hisabati wala maabara yenye vifaa. Kijana wa shule ya namna hiyo hushindanishwa kwa mtihani ule ule na mwenzake wa Kibaha au Ilboru, shule zipokeazo wenye vipaji maalumu, na tukiona jina lake halimo orodhani hatuna insafu ya kumwita mvivu. Deni hilo ni letu sote.

Na asiyeingia kwa mlango huu anao mwingine. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa sayansi aweza kwenda Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, au Chuo cha Ufundi Arusha, akasoma stashahada ya uhandisi kwa miaka mitatu. Akimaliza na wastani usiopungua 3.0, na kutimiza masharti mengine, atastahiki kuomba shahada. Huyu hufika chuo kikuu akiwa ameshakwisha kushika waya na nondo kwa mikono yake, na si haki njia yake kuitwa ya walioshindwa.

Basi mzazi atakayeulizwa tena barazani kama mwanawe atapata, na ajibu kwa kuuchukua mwongozo na karatasi ya matokeo, akae na mwana, wahesabu pamoja somo kwa somo. Na ambaye mwanawe yungali kidato cha tatu, asingoje karatasi hiyo. Jioni ya leo aulize ni wapi Hisabati imemkwama, na nani atamsaidia kabla haijapambazuka Jumatatu.