Washa Taa, Chora Ua: Mchongo wa Meza ya Mwanga Nangwa

Foronya mbili zinalala kitanda kimoja. Mgeni akiingia chumbani macho yanazipima fasta: ua la kushoto limesimama, la kulia limeinama. Hapo hata uwe na mkono wa sindano kinoma, kazi imeshazingua. Ndiyo maana leo, wanangu wa Nangwa, Endasak mpaka Katesh, nataka tupige stori ya meza ya mwanga: unalaza mchoro juu yake, unatandika kitambaa, mwanga unatoka chini na wewe unafuatisha mistari. Kwa sisi tunaodarizi, hiki ndicho kifaa kinachokutoa kwenye kujifurahisha kikakuingiza kwenye oda.

Oda ni kufanana, mwanangu. Binti anayeolewa akikupa mashuka mawili na foronya nne, anataka ua la kwanza na la nne yawe mapacha. Kuna machizi mtaani wanasema kuchora kwa kufuatisha ni kudesa. Hapana. Kudesa ni kubeba kazi ya mwenzako. Ukibuni ua lako mwenyewe, ukakesha nalo mpaka likakaa, halafu ukalihamishia kwenye vitambaa kumi bila kulipotosha, huo ni ufundi. Karatasi ya kaboni nayo inafanya kazi, ila kwenye kitambaa cheupe inaacha uchafu, na mteja hataki kusikia habari ya uchafu.

Anza na dirisha

Huna hata mia? Freshi tu. Asubuhi jua likishapanda na Mlima Hanang umevua mawingu, bandika mchoro kwenye kioo cha dirisha kwa selotepu, weka kitambaa juu yake, mistari itatokeza yenyewe. Mimi nilianzia hapo. Shida yake ni mikono: ukiinyanyua nusu saa inakufa ganzi, na mstari unaanza kutetemeka. Halafu siku za ukungu na baridi yetu ya Juni na Julai, dirisha linagoma kabisa.

Boksi la geto

Hapa ndipo pa kujiongeza. Piga boksi la mbao lenye upana wa A3, yaani sentimita 29.7 kwa 42, kina kama sentimita 10. Ndani bandika karatasi nyeupe pande zote ili mwanga urudi juu usipotee. Chini panga taa za utepe za LED, zile za volti 12 zinazotumika kwenye sola. Juu laza kioo cha milimita 5. Fundi madirisha huwa ana mabaki. Ongea naye kishkaji, na muombe akusugulie kingo zisikukate.

Usisahau kitu kimoja: chini ya kioo weka karatasi nyeupe nyembamba inayopitisha mwanga. Bila hiyo utaona vidoti vya taa badala ya ua, na macho yatauma mpaka usiku.

Glopu za zamani za waya achana nazo. Zinachemka, na kioo kikipata joto upande mmoja kinapasuka. Mshumaa na kibatari ndiyo usiguse kabisa, maana hapo una mbao, karatasi na pamba sehemu moja. Uzuri wa LED za volti 12 ni kwamba unachomeka kwenye betri ya sola, umeme ukikatika mishe inaendelea.

La dukani

Hili ni bapa jembamba la plastiki, unaliingiza kwenye begi kama daftari. Linakula volti 5 za USB, kwa hiyo hata pawabenki inaliwasha, na mengi yana kitufe cha kupunguza mwanga. Mwanga wake umetandaa sawasawa, hilo silipingi. Ila mengi ni A4, sentimita 21 kwa 29.7, na foronya ni kubwa kuliko hapo, kwa hiyo utakuwa unahamisha kitambaa kila saa. Ukienda mjini kununua, beba kipande cha kitambaa chako na mchoro wako, omba liwashwe, jaribu hapohapo. Ukiliweka geto, usipigie pasi juu yake wala usilichome na sindano.

Kitambaa kina tabia zake

Bafta na popilini nyeupe zinapitisha mwanga poa sana. Marekani ni nzito zaidi, jina lake lilitoka kwenye pamba ambayo meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zinaishusha Zanzibar karne ya 19. Hiyo mchoro wake upitishie kwanza wino mweusi mnene, ndipo utaonekana. Kitambaa cheusi usipoteze muda, tumia chaki ya fundi.

Ili ua likae katikati, kunja foronya mara mbili, bonyeza mikunjo, kisha chora msalaba kwenye karatasi yako. Mkunjo ukae juu ya msalaba kila mara. Na ukitumia kalamu ya wino unaotoka kwa maji, fua kabla ya kupiga pasi, maana joto likitangulia wino unaweza kuganda hapo moja kwa moja.

Nilichofundishwa na bibi

Waridi za mtandaoni nilizichoka, kila kitanda kina zilezile. Jirani yetu bibi mmoja wa Kibarabaig ana sketi ya ngozi yenye shanga, kazi ya mikono mitupu. Nikamuomba nichore mapambo yake kwenye foronya nne. Akanikubalia, kwa sharti kwamba moja iwe yake.

Sasa ngozi haipitishi mwanga. Meza yangu yote ile haikuwa na kazi. Nikakaa miguuni kwake na penseli mchana wa siku tatu, nikihesabu shanga moja moja. Kisha nikarudi geto, nikawasha taa, nikahamishia mchoro kwenye bafta. Mistari ilikaa safi mpaka nikasisimka.

Nikampelekea. Akapitisha kidole juu ya mstari, taratibu, midomo ikihesabu. Karibu na pindo akasimama. "Hapa umeruka moja, mjukuu wangu."

Kweli, ilikuwa imerukwa kwenye karatasi yenyewe. Kama asingeiona, taa ingenirudishia kosa hilohilo kwenye foronya zote nne, mapacha wanne wenye pengo moja. Nikafuta kwa kitambaa kibichi. Nikarekebisha karatasi kwanza, nikamuonyesha, akahesabu tena mpaka mwisho na kutikisa kichwa kukubali. Ndipo nikawasha taa na kuanza na ile ya kwake.