Dawa ya Magugu ya Maji na Samaki Wenu

Ninyi mkaao Salamabila na vijiji vya Kabambare na Kasongo mwajua ya kuwa magugu yakijaa bwawani, wavu haupiti. Mtu akisikia kwamba iko dawa ya kuyaua, hutaka kuinyunyiza mara moja. Ngojeni kwanza. Dawa hiyo yaweza kuua samaki kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni sumu yenyewe. Mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, huua konokono, kaa na uduvi hata ukiwa kidogo. Na katika maji yasiyo na chokaa huua samaki pia. Shaba haiozi, hubaki topeni. Dawa ya glaifoseti ya mashambani mara nyingi imechanganywa na kitu kama sabuni ili ishike majani, na kitu hicho huharibu matamvua ya samaki.

Njia ya pili huja polepole, hata kama dawa si kali. Samaki huvuta hewa iliyomo majini. Magugu yakifa yote pamoja huoza, na kuoza kwake humaliza hewa ile. Basi, siku chache baadaye, mtaona samaki wakitweta juu ya maji alfajiri, kisha wamekufa. Kome na konokono hawawezi kukimbia.

Tena dawa haimalizi kazi. Katika miaka ya 1950 gugu maji lilienea katika mto Kongo, na serikali ya Wabeljiji ikalinyunyizia dawa iitwayo 2,4-D. Hata leo gugu hilo limo mtoni.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Ng'oeni magugu kwa mkono au kwa reki, myaweke mbali na maji. Yakioza huwa mbolea.

2. Ikiwa hamna budi kutumia dawa, chagueni ile tu ambayo karatasi yake yasema ni ya majini. Nyunyizeni sehemu moja katika tatu, mkianzia ukingoni, ili samaki wapate pa kukimbilia. Ngojeni majuma mawili kabla ya kuendelea.

3. Samaki wakitweta, ingizeni maji mapya upesi.

4. Msioshe bomba la dawa mtoni. Walio chini yenu huyanywa maji hayo.

5. Samaki waliokufa kwa dawa wasiliwe wala wasiuzwe. Wafukieni mbali na kisima.

Magugu yaliyong'olewa leo yaweza kuota tena, nanyi mtayang'oa tena. Lakini bwawa lililokufa samaki halilishi mtu mpaka lipandwe upya.