Hamburg kwa miguu: kutoka Dammtor hadi chini ya mto Elbe

Anayetaka kuijua Hamburg kwa miguu yake mwenyewe asianzie stesheni kuu. Ashuke Dammtor. Ng'ambo ya barabara ataliona jengo la Chuo Kikuu lenye kuba, zawadi ya mfanyabiashara Edmund Siemers kwa jiji lake, lililofunguliwa mwaka 1911. Chuo Kikuu chenyewe kilizaliwa 1919. Kabla ya hapo jengo lilitumiwa na Taasisi ya Kikoloni iliyoanzishwa 1908, ambako maofisa waliojiandaa kwenda kutawala Afrika Mashariki walisomeshwa Kiswahili. Lugha hiyo inafundishwa Hamburg mpaka leo.

Kando ya jengo hilo palikuwa na sanamu ambayo Mtanzania anayepita hapo inafaa aijue habari zake. Ilikuwa ya Hermann von Wissmann, aliyetumwa na Berlin kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim katika pwani ya Tanganyika. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka 20 baadaye, mwaka 1909, Wissmann wa shaba akasimikwa Dar es Salaam, huku askari Mwafrika akiwa chini yake, amemwinulia macho. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliing'oa sanamu na kuipeleka London kama ngawira. Baada ya vita ikarudishwa kwa Wajerumani, na 1922 ikasimikwa hapa Hamburg, nchi yenye sanamu hiyo ikiwa imekwishanyang'anywa makoloni yake yote. Wanafunzi waliifunga kamba wakaiangusha 1967. Ikasimikwa upya. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na safari hiyo haikurudi. Iliishia kwenye ghala la kituo cha kuchunguzia nyota huko Bergedorf. Vipeperushi vya watalii haviitaji, na ni hasara kubwa, kwa sababu sanamu chache sana duniani zimevuka bahari namna hiyo na kuangushwa na vijana wa taifa lililozisimika.

Kutoka hapo njia inateremka hadi Binnenalster, ziwa dogo la katikati ya jiji, kisha inafika kwenye uwanja wa Rathaus. Moto wa Mei 1842 uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya Hamburg, na jumba la zamani la baraza la jiji likaangamia pamoja nayo. Hili lililopo lilikamilika 1897, likiwa na vyumba 647 na mnara wa mita 112. Ukumbi wake wa chini unaingilika bure, na dakika kumi zinatosha.

Dakika zilizookolewa zipelekwe Große Reichenstraße namba 27. Hapo ndipo lilipo Afrikahaus, ofisi kuu ya kampuni ya Woermann, iliyojengwa 1899 na Martin Haller, mmoja wa wasanifu wa Rathaus yenyewe. Mlangoni amesimama shujaa Mwafrika wa shaba. Uani, ukikuta lango wazi siku ya kazi, wapo tembo wawili. Ni kazi nzuri ya mikono, na inaumiza kuitazama ukijua ilivyolipiwa. Adolph Woermann alitajirika kwa biashara ya Afrika Magharibi, pombe ikiwa mojawapo ya bidhaa zake, na meli zake zilisafirisha askari waliokwenda kuwaangamiza Waherero na Wanama kuanzia 1904. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni ya meli iliyoundwa Hamburg mwaka 1890 kwa ruzuku ya serikali, iliyounganisha bandari hii na Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar.

Na Zanzibar ilikuwa imekwishafahamika hapa zamani. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilinunua kauri pwani ya Afrika Mashariki ikaziuza Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha, na mwaka 1859 miji ya Hansa ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Majid. Dada yake Majid, Sayyida Salme, alipendana na mfanyabiashara kutoka Hamburg, akatoroka Unguja 1866, na akaja kuishi hapa kwa jina la Emily Ruete. Mumewe alifariki 1870 kwa ajali ya tramu, akimwachia watoto wadogo watatu katika nchi ngeni. Kitabu cha maisha yake, cha 1886, kinasomwa bado, ingawa utetezi wake wa utumwa haumpendezi msomaji wa leo. Kaburi lake liko Ohlsdorf. Ni safari ya siku nyingine, kwa treni ya U1 au S1.

Chilehaus, jengo la matofali la 1924 lenye ncha kali kama omo la meli, liko umbali mfupi upande wa mashariki. Mwenye nalo, Henry Sloman, alichuma utajiri wake kwenye shura ya Chile.

Ukivuka mfereji unaingia Speicherstadt, na hapa inafaa mwendo upungue. Ni maghala mekundu yaliyojengwa kuanzia 1883 juu ya nguzo za mbao zilizokitwa kwenye tope, yakapokea kahawa, chai, viungo na mazulia bila kulipiwa ushuru. Ili kuyapisha, watu wapatao 20,000 walihamishwa, wengi wao makabwela. Inua macho juu ya dirisha la ghorofa ya mwisho: chini ya kipaa kidogo cha paa kuna kapi, na chini yake milango imepangana wima hadi majini. Mzigo ulivutwa kutoka kwenye boti na kuingizwa ghorofa yake moja kwa moja. UNESCO iliyatambua maghala haya pamoja na Chilehaus mwaka 2015.

Mwisho wa maghala kuna Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki uliofunguliwa Januari 2017 juu ya ghala la zamani la kakao, chai na tumbaku. Baraza lake, mita 37 kutoka chini, linaonyesha bandari yote.

Fuata ukingo wa mto hadi Landungsbrücken, ukijihadhari na njia za baiskeli, kwani waendeshaji hawapunguzi mwendo. Handaki la zamani la Elbe, la mwaka 1911, liko hapohapo. Mwenda kwa miguu halipi chochote: anashuka kwa lifti au ngazi mita 24, anatembea mita 426 kati ya vigae vyenye samaki wa kuchongwa, na kuibukia Steinwerder, mahali pazuri kuliko pote pa kulipiga picha jiji. Aliyechoka apande feri namba 62 kuelekea Finkenwerder. Tiketi ya siku ya HVV, mtandao wa usafiri wa umma wa jiji, inakubaliwa humo, kwenda na kurudi.