Baiskeli ya Shokapu Mbili, Kilo 15: Cheki Mahali Uzito Umejificha Kabla Uchome Doo

Kama umewahi kubeba baiskeli ya shokapu mbili hadi keja ya ghorofa ya tano, jengo halina lifti, na umetoka tu kupanda Ngong, hii stori ni yako. Yangu ilikuwa kilo 15.8 siku niliipima mara ya kwanza. Sai iko kilo 12.8. Sijaomoka, na hakuna kipande hata kimoja cha karboni kwa hiyo baiskeli. Hizo kilo 3 zilitoka mahali wasee wengi hawaangaliangi, na kabla nijue hapo ni wapi nilikuwa nimeshachoma doo vibaya. Wacha nikupangie vile iko ndio usipitie hiyo njia.

Ya kwanza, pima. Si kubahatisha kwa mkono vile wasee hufanya wakiinua baiskeli ya mwingine na kusema "manze hii ni nyepesi." Tafuta ile mizani ndogo ya kuning'iniza, ya kupimia suti kesi, upime baiskeli nzima. Halafu kila ukitoa kitu, kiwe tairi, kiti ama pedali, kipime kwa mizani ya jikoni uandike. Bila hizo namba utakuwa unaambiwa tu na muuzaji, na muuzaji ana rent yake ya kulipa.

Sasa nikuambie kitu chenye hutaambiwa dukani. Chukulia una kilo 70 na baiskeli yako ni kilo 15. Hiyo ni kilo 85 unapeleka juu ya mlima. Ukitoa kilo 1 nzima kwa baiskeli, umepunguza mzigo kwa kama asilimia 1.2 tu. Kwa mlima wa dakika 30, hapo umeokoa sekunde 21 hivi. Kilo zangu 3 zinanipea kama dakika moja. Ukitaka tu kushinda mabeshte zako juu ya mlima, mazoezi ya mwezi mmoja yatakupea zaidi ya hiyo, na ni ya bure.

So mbona tusumbuke? Juu mlima ni kitu moja tu. Baiskeli nyepesi ni rahisi kuinua juu ya gogo, kurusha kwa kona, kuamsha tena ukishasimama kwa matope ya Karura. Na kwa baiskeli ya shokapu mbili kuna kitu kingine. Shokapu zako hubeba fremu na wewe mwenyewe, lakini magurudumu, tairi na breki hazibebwi, ziko chini zikigongana na mawe. Hizo zikiwa nzito, shokapu inatumia nguvu mingi kuzituliza, na gurudumu linachelewa kurudi chini. Zikiwa nyepesi, tairi inafuata ardhi vizuri. Unasikia tofauti mara ya kwanza ukishuka.

Ndio maana kama una pesa kidogo, peleka kwa magurudumu kwanza. Gramu yenye iko pale nje kabisa, kwa tairi na rimu, inasukumwa mbele na bado inazungushwa. Ukiwa unaongeza mwendo, ni kama imehesabiwa mara mbili. Ukishapata mwendo wako na unaenda tu polepole kupanda, inahesabiwa mara moja kama gramu zingine, so usidanganywe ati gurudumu nyepesi ni miujiza. Lakini njia ya msituni ni kusimama na kuanza, kusimama na kuanza, na hapo ndio unaila faida.

Lakini hata kabla ya magurudumu, kuna vitu za bure. Baiskeli yangu ni mtumba kutoka Uingereza, fremu ya aluminiamu, magurudumu ya inchi 26, gia 3 mbele na 9 nyuma. Ilikuja na stendi ya chuma, zile pembe za mwisho wa usukani, sahani ya plastiki nyuma ya gia, taa za kung'aa kwa spoki, na kifungio cha kubebea mzigo chenye hakuna mtu alikuwa ametumia. Nilitoa vyote na spana moja, jioni moja. Gramu 600. Kengele niliacha, juu Karura kuna watu wanatembea na watoto na mbwa, na kengele ni gramu chache tu.

Tairi sasa. Cheki ukingo wa tairi yako, ile sehemu inakaa ndani ya rimu. Kama kuna waya ya chuma ndani, tairi haikunjiki, na hiyo ni nzito. Zile za kukunjika zina uzi mgumu wa aramidi mahali pa waya. Zangu za zamani zilikuwa gramu 900 kila moja, nikaingiza za kukunjika za gramu 680. Gramu 440 zimeenda kwa hizo mbili, na tena mpira wake unashika mawe vizuri.

Hapa ndio nilichoma doo ya kwanza. Kabla ya hizo za 680, nilikuwa nimenunua zingine za gramu 500 hivi, nyepesi kama karatasi, zimetengenezewa mashindano. Nilizivaa Jumamosi moja nikaenda upande wa nyuma wa Ngong, kule kwa mawe makali na miiba ya mgunga. Tairi ya nyuma ilipasuka ubavuni, mpasuko wa kuingiza vidole viwili. Silikuwa na kitu cha kuziba shimo kubwa hivyo. Nilitembea hadi Kiserian nikisukuma, viatu vya kuendeshea vikinikata kisigino, na wasee wa boda wakiniuliza kama nimechoka na mashini. So kwa nchi yetu ya miiba, usiende chini sana kwa tairi. Ya mbele inaweza kuwa nyepesi kidogo. Ya nyuma inabeba uzito wako mwingi, hiyo iache na ubavu mgumu.

Tyubu nazo, zitoe kabisa kama rimu zako zinaruhusu. Tyubu ya kawaida ya baiskeli ya mlima ni kama gramu 200. Mahali pake unaweka utepe kwa rimu, vali, na dawa ya majimaji ya kuziba mashimo, na unabaki umeokoa kama gramu 100 kwa kila gurudumu. Hizo gramu ni kidogo, ukweli. Faida kubwa ni kwamba mwiba ukiingia, dawa inaziba ukiendelea kuendesha, na unaweza kutumia upepo kidogo bila tyubu kubanwa kwa jiwe ikatoboka. Lakini lazima rimu na tairi ziwe zimeandikwa zinakubali kutumika bila tyubu. Rimu zangu za zamani hazikuwa hivyo na sikutaka tairi itoke kwa rimu nikiwa kwa kona, so nilingoja hadi nikapata magurudumu ya mtumba yenye yanakubali. Hayo yenyewe yalikuwa mepesi kwa gramu 430 kuliko ya kwanza. Na kumbuka dawa hukauka, haswa ukiwa mtu wa kushuka Magadi kwa hiyo joto. Fungua uangalie kila miezi miwili, mitatu. Usingoje pancha ikukumbushe.

Kufika hapo tumeshatoa zaidi ya kilo moja na nusu, na hatujagusa kitu chenye watu hupiga picha.

Gia. Kama bado una sahani 3 mbele, ukibaki na 1 unatoa kihamisha cheni cha mbele, kishikio chake kwa usukani, waya, na sahani mbili. Lakini kaseti ya nyuma lazima iwe kubwa zaidi ndio usikwame mlimani, na kaseti kubwa ina uzito wake. Kwangu faida ilibaki gramu 300. Piga hesabu kabla ununue. Gia yangu rahisi ya zamani ilikuwa meno 22 mbele na 34 nyuma, ukigawanya ni 0.65. Sai niko na 30 mbele na 42 nyuma, ni 0.71. Maana yake mlima umekuwa mgumu kidogo kwa mguu hata kama baiskeli imekuwa nyepesi. Mimi naweza kuishi na hiyo. Kama wewe magoti yanalalamika, weka sahani ndogo zaidi mbele. Na hiyo sahani moja iwe ile ya meno manene na membamba kwa zamu, juu bila hiyo cheni itaruka kila ukigonga shimo. Cheki pia kama kihamisha cheni cha nyuma kinaweza kufika kwa hilo jino kubwa, vingi vya zamani haviwezi.

Kama baiskeli yako ni mpya na ina gia 12 nyuma, uzito umekaa kwa kaseti. Shimano Deore ya 10-51 ni kama gramu 590. Kaka yake XT, meno yale yale, ni kama 470. XTR iko karibu 370, lakini bei yake usiulize ukiwa na njaa. SRAM nao, NX Eagle ni kama 615 na GX ni kama 450. Mtego uko kwa habu. NX inaingia kwa habu ya kawaida ya Shimano ya zamani, GX haiingii, inataka habu ya aina ya XD. Deore ya gia 12 inataka ya aina ya Micro Spline. Nimeona msee akipokea kifurushi chake cha kaseti, amefurahi, halafu fundi anamwambia haiingii. Uliza habu yako ni gani kwanza.

Sasa foki ya mbele, na hapa ndio kulikuwa na gramu nyingi zaidi kwa kitu kimoja. Foki za bei ya chini huwa na springi ya chuma ndani, na nyingi zinapita kilo 2.5. Yangu ilikuwa 2.6. Nilipata ya hewa ya mtumba ya kilo 1.9. Gramu 700 kwa kipande kimoja, na inafanya kazi vizuri kuliko ile ya kwanza mara kumi. Ukitafuta yako, cheki vitu kadhaa: shingo iwe ya unene wa fremu yako, mahali pa ekseli palingane na gurudumu lako, na urefu wa kushuka usipite wa zamani kwa zaidi ya sentimita 2, ama baiskeli itainua pua na kukataa kona. Kwa mtumba, pitisha kucha kwa zile nguzo zinazoteleza. Ukisikia mkwaruzo, muachie mwenyewe. Na utahitaji pampu maalum ya shokapu, ile ya tairi haifiki. Weka hewa hadi ukikaa, foki ishuke kwa kama asilimia 20 hadi 30 ya urefu wake.

Shokapu ya nyuma, kama ni ya springi ya chuma, hadithi ni hiyo hiyo, unaweza kutoa nusu kilo ukienda ya hewa. Yangu ilikuja ya hewa tayari. Kiti na pedali vilinipea gramu 320 kwa pamoja, hakuna mengi ya kusema hapo, ila usinunue kiti kwa mizani. Nunua kwa makalio.

Ukiniuliza vile ninaamua nini kinunuliwe, ni kugawanya tu. Ukilipa thao 5 kutoa gramu 250, umelipa bob 20 kwa kila gramu. Ukilipa thao 20 kwa usukani wa karboni ukutolee gramu 100, hiyo ni bob 200 kwa gramu. Andika zote kwa karatasi, anza na rahisi, simama mahali roho inauma.

Na hiyo ya usukani wa karboni ina stori. Beshte yangu mmoja aliwahi moja onlaini, jina kubwa limeandikwa juu, bei ya kuchekesha. Ilikuwa feki. Ilikatika mkononi akishuka, hakuna onyo, hakuna kupinda kama aluminiamu. Alivunja mfupa wa bega, wiki sita bila wera, na yeye hulipwa kwa siku. Mimi pia nilikuwa nimeagiza moja kama hiyo. Hiyo ndiyo doo ya pili nilichoma: iko chini ya kitanda, na siwezi kumuuzia mtu. Hata ya ukweli, inataka ikazwe na spana ya kupima nguvu, nyingi ziko karibu na nyutoni mita 5, namba imeandikwa hapo kwa kishikizo. Fundi akikuambia anajua kwa mkono, shukuru uondoke.

Keith Bontrager, mtengenezaji baiskeli wa Marekani, anajulikana kwa kusema kati ya nguvu, wepesi na bei rahisi, unachagua mbili. Ukiona kitu kimekupa zote tatu, jiulize ni gani imedanganywa. Kwa hivyo kuna mahali sigusi: bolti za breki, kishikizo cha usukani, na diski za breki. Kuna wasee hutoa diski ya milimita 180 waweke ya 160 kuokoa gramu chache. Ukishuka Ngong na mikono imechoka, utazitamani hizo gramu.

Kitu ya mwisho. Kama yako ni ile ya supamaketi, fremu ya chuma, kilo 18 na kupanda, shokapu za mapambo, usiiwekee hata bob. Uzito mwingi uko kwa fremu na hiyo huwezi kuitoa. Iuze na uongeze doo upate mtumba nzuri ya aluminiamu, utaanza mahali mimi nilianza. Mimi nimesimama hapa kwa 12.8 juu kitu kinachofuata kwa karatasi yangu ni bob 140 kwa gramu, na bado nabeba lita 2 za maji mgongoni kila Jumamosi. Hizo ni kilo 2, na sizipunguzi.